Je, wajua kahawa hupandaje juu bila pampu?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye mawe ya Capri Point jijini Mwanza, Ziwa Victoria limelala kimya. Mjomba anafungua kitambaa na kutoa kidude cha alumini kinachoenea kiganjani, alichokiopoa kwenye rundo la vyombo vya mitumba pale soko la Mlango Mmoja. Chini kina kikopo cha spiriti chenye utambi, juu yake tangi dogo la maji, na kutoka kichwani umechomoza mrija uliopinda kuelekea kikombeni. Hakina pampu wala waya. Anawasha kiberiti, anakaa. Baada ya dakika kadhaa mrija unakohoa, kahawa nyeusi inaanza kutiririka. Maji yalikuwa chini, kahawa iko juu. Nani kayapandisha?

Kazi yote inafanywa na hewa iliyobanwa. Tangi likishafungwa, juu ya maji hubaki nafasi ndogo yenye hewa. Moto ukipamba, hewa hiyo hutanuka, na mvuke wa maji unajiongeza humo humo. Hakuna pa kutokea, kwa hiyo vinayakandamiza maji kwenda chini. Maji nayo yana mlango mmoja tu: bomba jembamba ambalo mdomo wake unakaribia sakafu ya tangi. Yanapanda humo, yanapenya kwenye kichujio chenye unga wa kahawa, yanatokea kwenye mrija. Ndiyo maana kahawa huanza kutoka hata kabla maji hayajachemka sawasawa. Na ule mkoromo wa mwisho maana yake maji yameshuka chini ya mdomo wa bomba, sasa unapita mvuke mtupu. Hapo zima moto haraka, la sivyo utaunguza ladha.

Birika la moka, lile birika dogo la kahawa la kuweka juu ya jiko, lililoanza kutengenezwa Italia mwaka 1933 na Alfonso Bialetti, linafuata kanuni hiyo hiyo.

Lakini je, hii ni espreso, ile kahawa nzito ya Kiitaliano inayokamuliwa kwa presha? Mjomba anaapa kwamba ndiyo. Mimi nasema ni binamu yake. Espreso ya mashine za leo hukamuliwa kwa presha ya baa 9 hivi (baa moja ni karibu sawa na presha ya hewa inayotuzunguka). Ukitaka kupata presha hiyo kwa mvuke peke yake, itabidi maji uyafikishe karibu nyuzi joto 180, na kahawa itakayotoka itakuwa na ladha ya mkaa. Achille Gaggia wa Milano, mbunifu wa mashine za espreso, alilikwepa tatizo hilo kwa wenzo na springi: joto likabaki la wastani, nguvu ikatoka kwenye springi. Kidude chetu kinapata baa moja au mbili tu, kwa hiyo lile povu la rangi ya asali juu ya kikombe huwa jembamba au halipo kabisa. Tukitumia robusta, aina ya kahawa inayolimwa Bukoba, inayovuka ziwa kuja huku, povu linajitahidi kidogo. Muuza kahawa chungu aliyepita na birika lake la makaa alionja, akatafuna ulimi, akauliza kashata iko wapi.

Kwa nini spiriti, si mafuta ya taa? Mafuta ya taa kwenye utambi wa wazi hutoa masizi; spiriti huwaka safi, kwa mwali wa buluu, na chombo hakichafuki. Ila usafi huo una hatari yake.

"Mjomba, mbona hauwaki?"

"Unawaka. Weka kiganja juu, usiguse."

Juani mwali wa spiriti hauonekani. Watu wameungua kwa kumimina nyingine wakidhani moto umezimika. Subiri kikopo kipoe kabisa ndipo uongeze. Na spiriti ya kuchomea isikaribie kikombe, kwa sababu mara nyingi huchanganywa na methanoli, sumu inayoweza kumpofusha mtu.

Sasa hesabu iliyonishangaza. Kupasha mililita 100 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 95 kunahitaji kilojuli 29 hivi. Kijiko kimoja cha chai cha spiriti kikiungua chote hutoa takribani kilojuli 100. Kwa hesabu hiyo kijiko kimoja kingetosha vikombe vitatu vya ukubwa huo. Jaribu nje uone! Joto jingi linapita pembeni mwa tangi na kwenda zake, na kaupepo kadogo tu kanaulaza mwali ukapashe mawe badala ya maji.

Hapo ndipo ziwa linapoingia. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu inainuka, na ya ziwani, iliyo baridi, inakuja kujaza nafasi. Usiku mambo hugeuka, upepo ukatoka bara kwenda ziwani. Katikati ya zamu hizo mbili, asubuhi mapema, kuna utulivu mfupi, na ndiyo sababu mjomba huniamsha gizani. Siku tuliyochelewa hadi saa tano tulimaliza vijiko vinne vya spiriti, maji yakawa ya uvuguvugu, mrija haukukohoa hata mara moja. Tukahamia nyuma ya jiwe kubwa, tukazungushia bati la kopo la maziwa huku tukiacha upenyo chini ili moto upate hewa. Kijiko cha tano kikatosha.