“Bi Kidude Hakusoma”: Dhana Potofu Kuhusu Namna Mwanamuziki Anavyopatikana

Haipiti wiki bila mzazi au kijana kunikatisha katikati ya maelezo na kuniambia: “Lakini mwalimu, wale wakongwe hawakusoma. Kile ni kipaji tu.” Hapo hutajwa Siti binti Saad na Bi Kidude wa taarabu ya Zanzibar, Franco wa Kongo, na Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Morogoro. Kisha huja hitimisho kwamba skeli (ngazi za sauti), mazoezi ya vidole na kukaa chini ya mtu anayejua ni kupotezeana muda: mwenye nacho anacho, asiye nacho aende akatafute kazi nyingine. Nimechoka kulijibu hili mlangoni, mmoja mmoja. Acha nilijibu hapa kwa kirefu.

Dhana: Wakongwe hawakufundishwa na mtu

Walifundishwa, tena kwa ukali ambao wanafunzi wengi wa leo wasingeuvumilia.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, akakulia kwenye ufinyanzi na kutembeza vyungu. Sauti alikuwa nayo tangu huko, hakuna anayebisha. Ila sauti ya kunadi vyungu haikumfikisha kwenye taarabu. Alipohamia mjini, mwanamuziki mmoja aliyevutiwa na sauti ile alimfundisha kuimba, kupiga ala, na Kiarabu pia, maana taarabu ya zama zile ilikuwa ya Kiarabu. Mwaka 1928 alipokwenda Bombay kurekodi santuri, alikuwa mwimbaji aliyekwishapikwa, na nyuma yake walikuwapo wapigaji kama Mbaruk Talsam na Subeti Ambari. Kabla ya kuimba Kiswahili mpaka pwani nzima ikamsikiliza, Siti alikuwa mwanafunzi.

Bi Kidude ndiye anayetumiwa vibaya zaidi. Watu wanamkumbuka bibi kizee mwenye sigara na ngoma, aliyepewa tuzo ya WOMEX, ya muziki wa dunia, mwaka 2005 na kufariki Aprili 2013, wakadhani sanaa ile iliota yenyewe kama mchicha baada ya mvua. Binti yule alikua akimsikiliza Siti, akizishika nyimbo zake neno kwa neno na pumzi kwa pumzi. Kisha kuna unyago, ngoma za kuwafunda wasichana, ambazo naye aliziongoza. Yeyote anayeijua shughuli ile anajua kwamba hakuna anayeamka asubuhi akawa kungwi. Nyimbo zina mahali pake, zipo za kufungulia na zipo zisizoimbwa mpaka wakati wake ufike, ngoma ina mapigo yake, na ukikosea wapo wakubwa wa kukusimamisha papo hapo. Mtu akiniambia aliyepita humo hakusoma, najua anachotafuta ni jengo lenye kibao mlangoni.

Franco je? Alizaliwa 1938, akakulia Léopoldville (Kinshasa ya leo), mama yake akiuza maandazi sokoni. Gitaa lake la kwanza lilikuwa la kujitengenezea. Hadithi nyingi huishia hapo kwa sababu inapendeza. Lakini yupo mpiga gitaa Dewayon, aliyemwonyesha gitaa na kumwingiza kwenye bendi yake ya Watam akiwa bado mtoto. Yupo pia mwanamuziki Henri Bowane, aliyemchukua studio ya Loningisa mwaka 1953, Franco akiwa na miaka 15 hivi. Pale studio alipiga pamoja na watu wazima waliomtangulia, wimbo baada ya wimbo, miaka mitatu kabla ya bendi yake ya OK Jazz kuanzishwa mwaka 1956. Ukiuliza Franco alisoma wapi, jibu ni hilo.

Na dansi letu la Tanzania liliendeshwa hivyo hivyo. NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964, wanamuziki walikuwa waajiriwa wa chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa vya taasisi, mshahara ulitoka mwisho wa mwezi, na mazoezi yalikuwa kazi. Polisi, jeshi na mashirika mengine nayo yakawa na bendi zao. Kijana aliingia kwa kubeba vyombo. Akapewa maraka au tumba. Akakaa kwenye gitaa la rithim akimwangalia mpiga solo vidole, usiku baada ya usiku, mpaka siku mpiga solo alipougua. Wakati wote huo alikuwa akikopi: nyimbo za Kikongo, za Kikyuba, za bendi jirani, mpaka kila kipande kikamkaa mkononi. Mtindo wake mwenyewe ulikuja baadaye.

Hebu angalia walichokuwa nacho hawa wote. Alikuwapo mtu aliyewatangulia, wa kuwasahihisha kosa likiwa bado moto. Walikuwa na akiba kubwa ya nyimbo za watu wengine kichwani kabla hawajatunga za kwao. Na walikuwa na hadhira jioni hiyo hiyo, isiyojua huruma. Leo bendi zinazofanya mazoezi kila siku zinahesabika. Kijana anajifungia chumbani na video za simuni. Video ni nzuri, lakini haitakwambia kwamba kidole gumba chako kinachelewa, wala kwamba nyuzi ya pili imeshuka. Ndiyo maana darasa linahitajika zaidi sasa kuliko enzi za Mbaraka. Mfumo uliokuwa ukifundisha bila kuitwa shule umekufa, na anayesema “wakongwe hawakusoma” anamnyima kijana hata kile kidogo kilichobaki.

Kuhusu kipaji: kipo, na watoto hawalingani. Lakini mara nyingi kinachoitwa kipaji ni masikio yaliyolelewa mapema bila mtu kugundua. Wagogo wa Dodoma wanasifiwa kwamba wanazaliwa wakijua kuimba sauti tofauti kwa pamoja. Hapana. Mtoto wa Kigogo anabebwa mgongoni ngomani kabla hajatembea, na sauti hizo anazisikia zikipishana kila msimu. Marehemu Hukwe Zawose alilelewa katika mazingira hayo kwenye ala za ilimba na zeze, kisha naye akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo ni TaSUBa. Kama ingekuwa ni damu tu, asingehitaji kufundisha mtu. Unguja ni vivyo hivyo. Kijana aliyekulia kwenye kasida na maulidi, bayati na hijazi, aina za mahadhi ya Kiarabu, zimeshamkaa masikioni kabla hajazijua majina. Sisemi kisomo hicho cha dini ni muziki. Nasema sikio halichagui lilelewe wapi. Na aliyeimba sauti ya tena (tenor) kwenye kwaya ya kanisa tangu darasa la nne anaisikia sauti ya katikati ambayo wengine wetu tunaitafuta kwa jasho.

Ndiyo maana mwanafunzi wangu hagusi waya kabla hajauimba mstari anaotaka kuupiga. Wanalalamika wote. Chagua dakika moja ya wimbo mmoja wa zamani. Imba besi yake, imba rithim, imba solo. Fanya hivyo wiki nzima. Kile usichoweza kukiimba hujakisikia bado, na vidole haviwezi kukitafuta.

Dhana: Nota zinaua hisia

Nota, yaani alama za muziki, ni kumbukumbu iliyoandikwa. Kwaya za Kenya na Tanzania zimetumia solfa (do, re, mi) kwa vizazi, na sijaona mtu akitoka ibadani akilalamika kwamba d r m f s zimemkausha roho. Mji Mkongwe, chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi kimekuwa kikifundisha nota pamoja na ala kama udi, ganuni na fidla tangu mwaka 2002, na wanafunzi wake wanapiga taarabu yenye mahadhi yake kamili. Anayepiga kikavu atapiga kikavu hata bila karatasi.

Dhana: Akifaulu gredi nane amekuwa mwanamuziki

Hii ni ya upande wa pili, na huja na wazazi wenye uwezo. Mitihani ya gredi, ile ya muziki inayopanda ngazi kwa ngazi, ina faida: inampa mtoto ratiba na kumfunza usafi wa kazi. Lakini inapima vipande vichache alivyoviandaa kwa miezi. Nimewapokea watoto wenye vyeti vizuri ambao bibi yao akianzisha wimbo sebuleni hawawezi kumfuata. Mtoto wa gredi apelekwe kwaya, kasida, brasi bendi, popote penye watu wanaopiga pamoja. Bila hivyo cheti kitabaki ukutani.

Dhana: Mnunulie kinanda kikubwa, atajifunza mwenyewe

Kinanda chenye midundo tayari humfundisha mtoto kubonyeza. Kibaya zaidi ni kile kitufe cha kuhamisha ufunguo, yaani kupandisha au kushusha sauti ya wimbo wote bila kubadili vidole. Wapigaji wengi wa makanisani wanajua ufunguo mmoja tu, kingine chote wanamalizia kwa kitufe. Siku umeme ukikatika na kubaki piano ya mbao, ibada inaendelea kwa makofi. Nunua kinanda cha kawaida, ziba kitufe hicho kwa plasta, na mtoto apige “Malaika” kwenye funguo tano tofauti.

Dhana: Saa 10,000

Takwimu hii, inayotajwa kuwa ndiyo saa za mazoezi za kukufanya bingwa, ilitoka kwenye utafiti wa Anders Ericsson na wenzake uliochapishwa mwaka 1993, kuhusu wanafunzi wa fidla mjini Berlin. Ilikuwa wastani wa mazoezi ya waliokuwa bora mpaka kufikia miaka 20, wengine hawakufika. Ericsson mwenyewe aliikataa tafsiri kwamba ukitimiza idadi hiyo umekuwa bingwa. Alichosisitiza ni mazoezi yenye lengo, chini ya mwalimu, yanayogusa udhaifu wako. Kurudia kosa kwa saa tano ni kulizoea. Na jambo ambalo hakuna anayelinukuu: wale bora walilala zaidi kuliko wenzao, wakiwa na usingizi wa mchana pia.

Dhana: Mozart kwa mtoto aliye tumboni

Utafiti uliozaa imani hii, kwamba muziki wa Mozart humwongezea mtoto akili, wa 1993 nao, uliwahusu wanafunzi wa chuo kikuu, na athari iliyoonekana ilidumu dakika chache. Mwimbie mtoto mwenyewe.

Dhana: Umri umenipita

Kuna kitu kimoja kinachotaka utoto: uwezo wa kusikia sauti moja na kuitaja jina bila kulinganisha na nyingine. Wengi walio nao walianza muziki kabla ya miaka sita au saba. Ni jambo la kuvutia, lakini wanamuziki wengi wazuri duniani hawana. Mengine yote mtu mzima anajifunza, vidole vikiwa vizito kidogo na akili ikiwa na subira zaidi. Mtu wa miaka 45 akinijia nampa masharti mawili: dakika 20 kila siku badala ya saa tatu za Jumamosi, na aje na wimbo mmoja aliouhifadhi wote, tuanzie hapo.