Gharama zisizo za lazima kwenye biashara ndogo ni zipi hasa?

Watu wengi wakisikia kubana matumizi wanawaza kupunguza ubora au kumwachisha kijana wa kazi, sio hivyo. Gharama isiyo ya lazima ni hela inayotoka kwenye biashara ambayo ukiacha kuitoa mteja haoni tofauti yoyote, huduma ileile, chakula kilekile, ila faida inabaki kwako.

Chukulia banda la chipsi hapa Dar. Viazi, mafuta, mkaa, hivyo huwezi kukwepa. Lakini angalia mkaa unanunuliwaje, wengi wanachukua wa kupimiwa kwenye kopo au ndoo kila jioni kwa sababu ndo hela iliyopo mkononi, sasa jumlisha makopo mpaka yafike gunia zima uone umelipa kiasi gani juu ya bei ya gunia. Ile ya juu ndo gharama isiyo ya lazima, mkaa wenyewe ni lazima, na hapa ndo watu wanajichanganya sana, kitu kinakuwa cha lazima kabisa ila namna unavyokinunua ndo inakuumiza.

Boda nazo hivohivo. Asubuhi umefata viazi, mchana umekumbuka nyanya za kachumbari, jioni vifungashio vimeisha. Tuseme kila safari ni shilingi 2,000 na mbili kati ya hizo tatu zingeunganishwa na ya asubuhi, hiyo ni 4,000 kwa siku, ukifanya kazi siku 26 ni 104,000 kwa mwezi, kuna watu hiyo ni kodi ya fremu kabisa!

Alafu makato ya simu. Mteja kakulipa kwa simu, unaenda kwa wakala kutoa unakatwa, unaenda kumpa cash muuza mafuta ambaye na yeye ana lipa namba. Linganisha makato ya kutoa na ya kumlipa hukohuko kwenye simu alafu chagua.

Vocha yako na ada ya mtoto kutoka kwenye droo hata sio gharama ya biashara, huo ni mtaji unaliwa, jipangie posho yako na uiandike kwenye daftari kama unavyoandika ya kijana.

Ila kwenye mafuta ya kukaangia tafadhali msibane. Yakishakuwa meusi yaondoe, mteja anaonja, na mnacheza na afya za watu.