Kaanguka mnazini, anakoroma: je, amelala?

Mkwezi ameanguka, kichwa kimegonga kisiki. Damu ni kidogo, haamki, anakoroma tu. Tumwache apumzike?

Msimwache. Huo si usingizi. Ulimi umelegea ukarudi nyuma, umeziba sehemu ya njia ya hewa, ndiyo maana anakoroma. Na mara nyingi utakuta mtu mwenye huruma keshakunja leso akamwekea chini ya kichwa. Mto huo unainamisha kidevu kifuani na koo linazidi kubanwa. Uondoeni. Mmoja apige magoti upande wa utosini, ashike kichwa kilingane na shingo, aweke vidole nyuma ya pembe za taya na kuisukuma taya mbele. Mkoromo ukiisha na kifua kikawa kinapanda na kushuka, njia imefunguka. Akitapika, mgeuzeni ubavu kwa pamoja, shingo isipindike.

Lakini aliyeumia ni kichwa. Pumzi yahusika vipi?

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, tena hauna akiba. Seli zake zikikosa oksijeni hushindwa kutoa chumvi nje; chumvi huvuta maji, seli huvimba. Fuvu la mtu mzima halitanuki, kwa hiyo uvimbe hubana mishipa, damu inayofika hupungua, oksijeni nayo hupungua zaidi, na uvimbe huongezeka tena. Jeraha la chini ya mnazi limeshatokea, hakuna daktari wa kulirudisha nyuma. Hili la pili, linalojijenga kwa saa na siku zinazofuata, ndilo tunaloweza kulizuia.

Tofauti ni kubwa kiasi hicho?

Utafiti wa Arizona, Marekani, uliochapishwa 2017, ulifuatilia majeruhi wa ubongo zaidi ya 13,000. Miongoni mwa ambao oksijeni wala presha hazikushuka kabla ya kufika hospitali, walifariki asilimia 5.6. Oksijeni ikishuka peke yake, asilimia 28.1. Vikishuka vyote viwili, 43.9. Kweli, baadhi yao walikuwa wameumia vibaya zaidi tangu mwanzo, lakini hata ukali wa majeraha ulipozingatiwa hatari ilibaki. Wanaopona nao huweza kubaki na usahaulifu au hasira za ghafla.

Tuko kijiji cha Matondoni, kisiwani Lamu, hospitali iko mjini Lamu. Tumbebe vipi?

Si juu ya punda, wala kwenye bodaboda akiwa amebanwa katikati ya watu wawili, kichwa kikining'inia. Mlazeni juu ya ubao au mlango. Kama ni boti, awe mbali na moshi wa injini, na mwenye kushika taya asiiachie njiani. Asipewe maji wala chai ya sukari. Mguu ukivuja damu, ukandamizeni kwa nguvu. Damu ndiyo inayobeba hiyo oksijeni.

Hospitalini tuulize nini?

Kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kinasoma ngapi? Chini ya asilimia 90 ni hatari. Wakimpa rufaa ya Mombasa, kuna kuvuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, kisha barabara ya zaidi ya kilomita 300. Ulizeni kabla boti haijaondoka: mtungi wa oksijeni utatosha safari nzima, na ni muuguzi gani anayefuatana naye?