Wachimbaji wa makaa ya mawe walishindwaje, na wewe notisi ikikuja ufanye nini

Tukienda Muhoroni ama Chemelil kuongea na watu wa sukari lazima mtu aulize, sasa tukigoma si watatulipa? Mimi nafundisha wafanyakazi haki zao hapa Kisumu, na hilo swali huwa nalijibu na stori ya wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza, juu hao yunioni yao ilikuwa moto na bado walishindwa.

Mwaka wa 1974 waligoma mpaka waziri mkuu Edward Heath akaitisha uchaguzi na akaupoteza. Margaret Thatcher, aliyekuja kuwa waziri mkuu baadaye, hakusahau hiyo. Akajipanga, makaa yakarundikwa kwa stesheni za umeme, halafu Machi 1984 ndio wanaambiwa migodi kama 20 itafungwa na kazi karibu 20,000 ziende. Machi huko baridi inaisha, sasa stima nani ataikosa? Na kiongozi wao Arthur Scargill hakuitisha kura ya nchi nzima, kwangu mimi hapo ndipo mambo yaliharibikia, juu wengi wa Nottinghamshire walisema bila kura hatutoki, wakaendelea kuchimba na baadaye wakaunda yunioni yao. Tarehe 3 Machi 1985 wajumbe wakapiga kura watu warudi kazini, bila makubaliano yoyote.

Ukweli usemwe, makaa yalikuwa yanaenda chini hata kabla ya Thatcher. 1913 wachimbaji walikuwa zaidi ya milioni 1, halafu mafuta yakaingia, gesi, makaa rahisi ya kutoka nje. Kellingley, mgodi wa mwisho wa kuchimba chini sana, ulifungwa Desemba 2015. Sawa, kazi inaweza isha, lakini kuna vile inafaa iishe.

Hapa kwetu Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema kabla upunguzwe kazi, yunioni na afisa wa leba wapewe notisi si chini ya mwezi mmoja, na ulipwe mshahara wa siku 15 ama zaidi kwa kila mwaka mzima umefanya, mbali na leave yako yenye hujachukua. Mgomo nao unapitia upatanishi kwanza, ukikwama mnatoa notisi ya siku 7 kwa maandishi. Mkiruka hiyo mwajiri anakimbia kortini na mgomo unasimamishwa kabla hata mfike geti.

Na zile payslip za zamani tafadhali msiwashie nazo jiko, hiyo miaka itahesabiwa na karatasi.