Je, wajua? Kwa nini gari lenye betri kubwa vile huichaji laptopu kwa kusuasua

Betri ya gari la umeme la wastani hubeba kilowati-saa 60 hivi. Betri ya laptopu ya kawaida hubeba wati-saa 60. Piga hesabu: ile iliyo chini ya sakafu ya gari ni mara elfu moja ya hii uliyoipakata. Hata hivyo watu huchomeka laptopu kwenye tundu la USB la gari hilohilo, wakaona alama ya chaji inawaka, wakafanya kazi saa nzima, na asilimia zikawa zinashuka badala ya kupanda. Wengine huambulia ujumbe kwamba chaja ina nguvu ndogo. Wengine hata alama hawaioni. Inakuwaje?

Umeme upo tele. Kinachobana ni njia ya kuufikisha kwenye laptopu, na ili kuiona njia hiyo inabidi tuanzie kule chini.

Gari moja, betri mbili

Betri ile kubwa haijaungana moja kwa moja na tundu lolote unalochomekea simu. Kazi yake ni kuzungusha mota, kuendesha kompresa ya kiyoyozi na kulisha hita, na volti zake si za mchezo. Magari mengi yako kwenye volti 400 hivi. Mengine, kama Hyundai Ioniq 5 na Porsche Taycan, yanakaribia 800. Sababu ya kupandisha volti kiasi hicho ni rahisi. Nguvu ni volti mara ampia, yaani wingi wa umeme unaopita kwenye waya, kwa hiyo mota ya wati 100,000 ikilishwa kwa volti 12 ingedai ampia zaidi ya 8,000, na waya wa kubeba mzigo huo usingeenea ndani ya gari. Kwa volti 400, nguvu ileile ni ampia 250 tu.

Tatizo ni kwamba volti 400 zinaua. Kanuni namba 100 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu usalama wa magari ya umeme, inahesabu umeme wowote wa betri unaozidi volti 60 kuwa wa volti ya juu, na inataka nyaya zake zivalishwe ganda la rangi ya machungwa ili fundi akiziona tu ajue pa kutopeleka mkono. Umeme wa namna hiyo hauwezi kuachwa uzurure kwenye kiti cha abiria.

Ndiyo maana kuna betri ya pili, ndogo, ya volti 12, ambayo mara nyingi ni ya risasi na asidi kama ya gari la petroli. Taa, redio, vioo vya madirisha, vifungio vya milango, kompyuta zote za gari na matundu ya kuchajia vyote vinategemea mfumo huo. Volti 12 zenyewe ni urithi tu. Magari ya petroli yalihama kutoka volti 6 kwenda 12 katika miaka ya 1950, viwanda vya balbu, vimota na fyuzi vikajipanga kwa kipimo hicho, na mpaka leo kuachana nacho ni gharama ambayo watengenezaji wengi hawataki kuibeba. Tesla walithubutu kwenye Cybertruck mwaka 2023 kwa kwenda volti 48. Wengi wengine bado wako palepale pa babu zao.

Katikati ya betri hizo mbili hukaa konveta, yaani kifaa cha kushusha volti. Huukatakata umeme wa volti 400 makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, au zaidi ya hapo, huupitisha kwenye transfoma na kuutoa upande wa pili ukiwa volti 14 hivi. Ndani ya transfoma hiyo nyaya za pande mbili hazigusani; nishati huvuka kwa nguvu ya sumaku peke yake. Kwa hiyo hakuna waya hata mmoja unaotoka kwenye betri kubwa ukaenda moja kwa moja hadi kwenye kebo ya laptopu yako. Na konveta nyingi hutoa wati elfu moja na zaidi bila kutoka jasho. Mpaka hapa, basi, bado hatujaona kinachokosekana.

Mapatano kwenye tundu

Kinachokosekana kiko mwisho kabisa wa safari, kwenye tundu lenyewe.

Laptopu nyingi huja na chaja ya wati 45 au 65, na zile za michezo au za kuhariri video hutaka 100 na kuendelea. Tundu la USB la zamani, lile la mstatili, hutoa volti 5 na ampia mbili na kitu. Hizo ni wati 12 hivi, za kulishia simu. Kuna na jambo jingine: ndani ya laptopu seli za betri huunganishwa kwa kufuatana, tatu au nne, hata volti zao kwa pamoja zikafika 12 au 16 betri inapojaa. Volti 5 haziwezi kusukuma umeme kuingia humo mpaka kwanza zipandishwe, na laptopu nyingi hazijisumbui kufanya hivyo. Hukataa tu.

USB-C ilikuja kutatua hilo, na namna inavyofanya kazi inapendeza kuifuatilia. Ukichomeka kebo, mwanzoni hakuna umeme unaopita. Tundu linasubiri kwanza lihisi kwamba upande wa pili kweli kuna kifaa. Likishahisi hutoa volti 5 za kuanzia, kisha wauzaji na wanunuzi hupatana kama sokoni. Tundu hutaja bidhaa lilizonazo: volti 5, 9, 15 au 20, na kila moja kwa ampia ngapi. Laptopu huchagua inayoitaka na kutuma ombi. Tundu hukubali, hupandisha volti, hutoa taarifa kwamba tayari, na hapo ndipo laptopu huanza kuvuta. Yote hayo huisha kabla hujaondoa mkono kwenye plagi.

Sasa, kwa ampia 3 bidhaa hizo zina thamani ya wati 15, 27, 45 na 60. Kwa ampia 5 kwenye volti 20 unapata wati 100, na toleo la mwaka 2021 la kanuni za mapatano haya liliruhusu hadi 240 kwa kupandisha volti mpaka 48. Lakini tundu haliwezi kuuza lisichokuwa nacho. Watengenezaji wengi wa magari wameweka matundu ya USB-C ya wati 15 au 27, wakifikiria simu tu. Kwa macho tundu hilo halitofautiani na la wati 65: umbo ni lile lile, na kebo inaingia vizuri kabisa. Gari linalouzwa kwa fedha nyingi namna ile, halafu likabana matumizi kwenye kijisehemu cha bei ndogo kama hicho! Mimi naona ni ubahili usio na maana, ila ndivyo ilivyo. Ukitaka kujua la kwako ni la wati ngapi, tazama kitabu cha gari, maana mara nyingi pale penye tundu hapajaandikwa chochote.

Kebo nayo ina sauti yake. Ili ampia zipite 3, kebo yenyewe lazima iwe na kichipu cha kujitambulisha kwamba inaweza kubeba 5. Isipokuwa nacho, mapatano huishia wati 60 hata kama tundu na laptopu wote wanaweza zaidi.

Tundu la kiberiti, inverta, au soketi ya ukutani

Njia inayosaidia wengi ni lile tundu la duara la volti 12, ambalo lilianza maisha yake kama kiberiti cha kuwashia sigara. Fyuzi yake huwa ya ampia 10 hadi 20, na mara nyingi pembeni pameandikwa wati 120 au 180. Chomeka hapo chaja ndogo ya gari yenye USB-C ya wati 65 au 100 na shida imekwisha. Hupandisha volti 14 za gari kuwa 20 za laptopu kwa hatua moja, na kinachopotea kuwa joto ni kidogo.

Inverta ni habari nyingine. Hii hugeuza volti 12 kuwa 230 kama za ukutani, kisha unachomeka ile chaja ya nyumbani. Fuatilia safari: volti 400 zinashushwa kuwa 14, 14 zinapandishwa kuwa 230, 230 zinashushwa tena kuwa 20. Kila kituo kinakata ushuru wake wa asilimia 10 hivi, na feni ya inverta inakupigia kelele sikioni kutwa. Ina maana pale tu laptopu yako ni ya zamani na plagi yake ni ya aina ya peke yake.

Magari mengine siku hizi yana soketi kamili ya umeme wa nyumbani, unaotoka kwenye betri kubwa bila kupitia mfumo wa volti 12. Ioniq 5, iliyotoka mwaka 2021, hutoa hadi kilowati 3.6 kwa namna hiyo, na kwenye baadhi ya matoleo soketi iko chini ya kiti cha nyuma. Kwa laptopu peke yake ni kama anasa. Kwa laptopu, skrini ya pili, printa na birika la umeme, hapo ndipo utaona faida yake.

Je, inakula kiasi gani?

Hapa ndipo watu wengi hukosea hesabu. Kujaza laptopu ya wati-saa 60, ukijumlisha kinachopotea njiani, hudai wati-saa 80 hadi 100 kutoka kwenye betri kubwa. Gari la umeme hutumia wati-saa 150 hadi 200 kwa kila kilomita. Kwa hiyo kujaza laptopu tangu sifuri ni sawa na kuendesha nusu kilomita hivi. Huo si mwendo wa kumnyima mtu usingizi.

Gharama halisi ni ya gari kukaa macho. Likiwa limewashwa na limesimama tu, kompyuta zake, skrini na pampu huweza kula wati mia mbili, mia tatu hivi, kutegemea gari. Ongeza kiyoyozi, ambacho siku ya joto hufika kilowati moja bila taabu. Saa mbili za kukaa humo na laptopu yako zinaweza kugharimu kilowati-saa mbili na nusu, yaani umbali wa kilomita 15 hivi, na katika hizo laptopu imekula nusu kilomita tu. Anayechomoa laptopu ili kuokoa betri ya gari huku kiyoyozi kikivuma amechomoa kisichohusika. Hata hivyo, kulinganisha na gari la petroli ni raha tupu: hakuna injini ya kuunguruma wala moshi wa kukuzimisha ukiwa ndani ya gereji.

Usizime gari kabisa halafu ukaendelea kuchaji, hata kama gari lako linaruhusu. Kwenye magari mengi konveta nayo hulala gari likilala, na mzigo wote hubaki kwa betri ndogo ya volti 12. Na swichi kubwa zinazoiunganisha betri kuu na gari huwashwa kwa nguvu ya betri hiyo ndogo. Ikiisha, unabaki na gari lenye chaji ya mamia ya kilomita ambalo haliwaki, pengine hata milango haifunguki kwa rimoti. Magari mapya mengi hujikinga kwa kukata matundu baada ya muda fulani, au kwa kuamsha konveta kuijazia betri ndogo. Ya zamani zaidi hayana huruma hiyo.

Mwisho, joto. Ndani ya gari lililoegeshwa juani hewa hupita nyuzi 50 bila shida, na betri za lithiamu hazipendi kuchajiwa zikiwa na joto la namna hiyo. Laptopu nyingi zikihisi joto limezidi husimamisha chaji zenyewe. Kwa hiyo ukiingia garini mchana, ukachomeka, alama ikawaka lakini asilimia zikaganda palepale, usikimbilie kubadilisha kebo. Washa kiyoyozi dakika chache, inua laptopu kutoka kwenye kitambaa cha kiti ili ipumue kwa chini, na usiiweke juu ya dashibodi mbele ya mfuko wa hewa gari likiwa kwenye mwendo.