Je, wajua? Kwa nini aliyechomwa kisu harusini hakutoka damu mpaka afungue mkanda

Katika tamthilia ya upelelezi ya Sherlock, sehemu ya pili ya msimu wa tatu iliyorushwa na BBC tarehe 5 Januari 2014, Daktari John Watson anamwoa Mary Morstan, na Sherlock Holmes ndiye mpambe wa bwana harusi. Katikati ya hotuba yake Sherlock anang'amua kwamba kuna mtu atauawa pale pale harusini. Baadaye, akiwa mlangoni pa chumba alichojifungia Meja Sholto, mgeni aliyekuwa kamanda wa Watson jeshini, inambainikia kwamba Sholto ameshachomwa kisu na mwenyewe hajui. Muuaji ni mpiga picha: humkaribia kila mgeni, na hakuna anayemtilia shaka.

Silaha yake ni kisu chembamba mithili ya shazia, kilichopenyezwa kwenye mkanda mpana wa sare ya kijeshi. Mkanda unaliziba jeraha. Ukifunguliwa tu, damu inamwagika. Alikwisha kumfanyia majaribio mlinzi mmoja wa kifalme, aliyekutwa bafuni amelowa damu.

Je, yanawezekana hayo? Kwa kiasi kikubwa, ndiyo.

Chuma chembamba chenye ncha hupasua nyama kidogo sana. Kikichomolewa, ngozi na misuli hurudiana, tundu likakaribia kujifumba. Sasa weka juu yake kitu kinachobana sawasawa. Mishipa midogo na ile ya vena, inayorudisha damu moyoni, husukuma damu kwa nguvu ndogo, hivyo mbano wa wastani unatosha kuizuia. Uondoe ghafla kabla damu haijaganda vizuri, na jeraha linaanza upya. Ndiyo maana katika huduma ya kwanza jeraha hukandamizwa kwa dakika 10 mfululizo bila kuinua kitambaa kuchungulia, na kitu kilichozama mwilini hakichomolewi mpaka hospitali.

Kisa cha kweli kipo. Tarehe 10 Septemba 1898, mjini Geneva, Luigi Lucheni alimchoma kifuani Malkia Elisabeth wa Austria kwa tupa iliyonolewa. Malkia alianguka, akainuka, akidhani amepigwa ngumi na mwizi aliyetaka saa yake. Akatembea mpaka kwenye meli, akapanda, ndipo akazimia. Koseti yake, vazi la ndani la kubana kiwiliwili lililokazwa kwa kamba, ilipofunguliwa, lilionekana doa dogo tu la damu. Jeraha lilikuwa na kina cha sentimita 8.5 na lilikuwa limefika moyoni.

Koseti huenda ilisaidia, ila kilichomuua kilikuwa ndani zaidi. Moyo umezungukwa na utando mgumu usiotanuka haraka. Damu ilivuja humo polepole, ikajaa, ikaukaba moyo usiweze kupokea damu mpya. Kwa mtu mzima, takriban mililita 200 zikiingia kwa kasi zinaweza kutosha kuua.

Hapo ndipo tamthilia inapoteleza. Mkanda hubana ngozi na misuli ya kiunoni. Haufikii ini, figo wala mishipa mikubwa iliyo nyuma ya tumbo. Kisu kikivigusa viungo hivyo, damu humwagikia ndani, mkanda ukiwa umefungwa au haujafungwa. Mlinzi yule angeanza kutokwa jasho la baridi, mapigo ya moyo yangemwenda mbio, angepauka midomo, na angeanguka akiwa bado lindoni, mkanda wake ukiwa mkavu kabisa.