Je, wajua kwa nini rundo la vyeti vya semina halimsaidii sana mwombaji wa mapema, yaani anayeomba kabla ya muda wa kawaida, wa chuo kikuu cha Marekani?

Mwanafunzi wa Lubumbashi aliye katika humanite ya nne, yaani mwaka wa mwisho wa sekondari, akipata wazo la kuomba nafasi katika chuo kikuu cha Marekani, mara nyingi huanza kwa kukusanya breve, yaani vyeti vya kuhudhuria: semina ya uongozi ya Jumamosi moja, mafunzo mafupi ya ujasiriamali, siku ya kupanda miti, kongamano la vijana lililofungwa kwa picha ya pamoja. Kila breve ina muhuri na sahihi, na rundo likiwa nene huonekana kama mtaji. Hata hivyo, mtaji huo ukifika mezani kwa msomaji wa maombi, thamani yake huwa ndogo mno, ilhali saa ambazo mwanafunzi huyohuyo amezitumia kwenye meza ya mama yake ya makala, yaani mkaa, na ambazo hakufikiri hata kuziandika, huweza kuwa na uzito. Kwa nini?

Dhana ya breve ina mantiki yake. Nchini Kongo, mlango wa chuo kikuu hufunguliwa na Diploma ya Serikali, na diploma hiyo hubeba namba moja, yaani asilimia ambayo mwanafunzi ameipata katika Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Aliyefikisha 50 amepita, na aliyepata 70 husifiwa mtaa mzima. Chuo Kikuu cha Lubumbashi huangalia diploma hiyo, na baadhi ya vitivo huongeza mtihani wa kuingia. Hakuna anayemwuliza mwombaji kama anaimba katika kwaya au ni skauti. Mtu aliyelelewa katika utaratibu wa namba moja, akiambiwa kwamba Wamarekani huangalia pia shughuli za nje ya darasa, hufasiri kwamba ipo namba ya pili inayojumlishwa na ile ya kwanza: breve moja, pointi moja. Akishafikiri hivyo, huona ni busara kuwa na breve kumi kuliko mbili, na huamini kwamba aliyepungukiwa darasani aweza kufidia kwa semina.

Jumla ya namna hiyo haipo. Katika vyuo vinavyochagua sana, buletini za shule, yaani ripoti za alama, husomwa kwanza, na wingi wa shughuli haufuniki matokeo dhaifu. Shughuli huanza kuwa na kazi baada ya hapo, pale ambapo wamebaki waombaji wengi ambao wote wameonyesha kwamba wanaweza kuyamudu masomo, na nafasi ni chache kuliko wao. Swali linalobaki ni nani kati yao ataendelea kufanya jambo la maana hata kama hakuna mwalimu anayemsimamia, na kwa swali hilo breve ya siku moja haina la kusema. Inathibitisha kwamba mtu alikuwapo ukumbini, jambo ambalo hakuna aliyelitilia shaka.

Jinsi Wamarekani walivyofika hapo si habari ya kujivunia. Mwaka 1922 rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, A. Lawrence Lowell, alitaka kuweka kikomo cha idadi ya wanafunzi Wayahudi, waliokuwa wakifaulu vizuri katika mitihani. Kikomo cha wazi kilipingwa, lakini katika miaka iliyofuata Harvard, pamoja na vyuo vya Yale na Princeton, ilitilia mkazo tabia ya mwombaji na maisha yake nje ya darasa, kipimo kilichowapa maofisa uwezo wa kuchagua bila kutamka kikomo chochote. Chombo kilichoundwa kuufunga mlango hakikutupwa. Leo hutetewa kama njia ya kuufungua.

Fomu yenyewe hueleza mengi kuliko washauri. Common Application, fomu ya pamoja ya maombi inayotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, ina nafasi 10 za shughuli, na maelezo ya kila shughuli hayaruhusiwi kuzidi herufi 150, yaani pungufu ya ujumbe mmoja mfupi wa simu. Mwombaji hutakiwa pia kutaja ni katika miaka ipi ya sekondari alifanya shughuli hiyo, saa ngapi kwa wiki na wiki ngapi kwa mwaka. Sehemu hiyo haina mahali pa kubandika breve. MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, ambayo ina fomu yake yenyewe, huomba shughuli nne tu. Kinachoulizwa tena na tena katika fomu hizi ni muda.

Ili kuona kwa nini muda ndio unaotafutwa, tuangalie likelemba ya akina mama wa sokoni. Kila mwanachama hutoa kiasi kilekile kila wiki, na kila wiki mmoja wao hupokea fungu lote. Hatari iko kwa yule anayepokea mapema kisha akaacha kuchanga. Mgeni akiomba kuingia, akina mama hawamwulizi kama anapenda kuweka akiba, kwa kuwa kila mtu atajibu ndiyo. Huuliza amekaa kwenye meza yake muda gani, kama aliendelea kuuza msimu wa mvua nyingi, na kama jirani yake wa meza amewahi kumdai. Mgeni akijibu kwamba mwezi uliopita alijiunga na likelemba tano, jibu hilo halimsaidii, na pengine litawatia wasiwasi. Miaka mitatu kwenye meza moja huaminiwa kwa sababu haiwezi kununuliwa wiki moja kabla ya kuomba. Asiye na uvumilivu angekwisha kuondoka.

Chuo kinachotoa ufadhili kiko katika hali ya wale akina mama, tena mbaya zaidi, kwa kuwa kinatoa fungu lote mwanzoni, yaani nafasi na gharama za miaka minne, na kuambulia ahadi. Kwa hiyo hutafuta dalili ambayo ingemgharimu sana mtu asiye nayo kuiigiza. Mwanauchumi Michael Spence aliieleza hoja hiyo mwaka 1973 kuhusu waajiri na waombaji wa kazi, na mwaka 2001 alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel kwa uchambuzi wa aina hiyo. Mfano wa likelemba una kasoro moja: akina mama wanaweza kwenda kumwona mgeni kwenye meza yake, lakini msomaji wa maombi ana mistari tu. Ndiyo maana mistari hiyo hubeba uzito inapokuwa na mambo mahususi ambayo barua ya prefe, yaani mkuu wa shule, au ya mwalimu inaweza kuyaunga mkono. Hata hivyo dalili hughushiwa: mwaka 2019 iligundulika nchini Marekani kwamba wazazi matajiri walimlipa wakala fedha nyingi ili watoto wao waonekane wanamichezo wa michezo ambayo baadhi yao hawakuwahi kuicheza.

Ushahidi wa wazi zaidi wa jinsi shughuli zinavyopimwa umetoka mahakamani. Kesi dhidi ya Harvard iliyofunguliwa mwaka 2014, na kuamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2023, ilihusu matumizi ya rangi ya mwombaji katika uteuzi, lakini njiani ilitoa hadharani mwongozo wa wasomaji wa maombi. Shughuli zilipewa alama kuanzia 1, iliyo ya juu kabisa na inayokaribia mafanikio ya ngazi ya taifa, hadi 4, inayomaanisha ushiriki mdogo au kutoshiriki kabisa. Jambo la ajabu liko baada ya hapo. Alama ya 5, ambayo mtu angedhani ni mbaya kuliko 4, iko nje ya ngazi hiyo: ni ya mwanafunzi ambaye shughuli yake kubwa ni majukumu ya familia au kazi anayoifanya wakati wa muhula. Alama ya 6 ni ya yule ambaye hali maalumu, kama ya kiafya, ilimzuia kushiriki. Hizo ni karatasi za chuo kimoja na hazipaswi kuchukuliwa kuwa kanuni ya vyuo vyote, ingawa Common Application nayo, katika orodha yake ya aina za shughuli, inataja wazi majukumu ya familia na kazi ya kulipwa.

Tupige hesabu sasa. Kijana wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, anayeuza makala na mama yake saa 12 kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka, ana saa 480 kwa mwaka na 1,440 kwa miaka mitatu. Semina kumi za siku moja, zikihesabiwa saa sita kila moja, ni saa 60. Kisha yako maelezo. Anayeandika kwamba alikuwa mwanachama wa klabu ya mazingira na alishiriki katika shughuli mbalimbali za kuhamasisha jamii amemaliza nafasi yake bila kusema jambo. Linganisha na haya, ambayo bila shaka yangeandikwa kwa Kiingereza: «Nauza makala na mama Katuba, nilianzisha daftari la madeni ya wateja, nafunga hesabu kila Jumamosi, namfundisha mdogo wangu kazi hiyo.» Zimebaki herufi kadhaa za akiba.

Kuchagua, basi, huanza kwa kuangalia kile ambacho mwanafunzi tayari anakifanya na angeendelea kukifanya hata kama asingeomba popote, kisha kuuliza ni wapi ndani yake wajibu unaweza kukua. Kuimba katika kwaya ya parokia ni jambo moja. Kuwa yule anayenakili noti za nyimbo na kuwafundisha waimbaji wapya kila Alhamisi ni jambo jingine, na halihitaji breve. Hali ni hiyohiyo kwa skauti na kwa anayetengeneza redio za majirani. Anayekuuzia orodha ya shughuli zinazopendwa na vyuo anakuuzia upepo, kwa sababu hakuna ngazi inayoweka mdahalo juu ya kandanda.

Neno «mapema» huongeza ugumu wake. Maombi ya mapema kwa kawaida hufungwa tarehe 1 au 15 Novemba, na majibu hutoka katikati ya Desemba. Kwa mwanafunzi wa Kongo maana yake ni kwamba uamuzi hutolewa miezi mingi kabla ya Exetat, kwa kutegemea buletini za miaka iliyotangulia, na shughuli iliyoanza Septemba huingia kwenye fomu ikiwa na wiki nane tu. Ni kweli kwamba katika vyuo vingi sehemu ya waombaji wa mapema wanaokubaliwa ni kubwa kuliko ya wale wa kundi la kawaida, wanaoomba hadi Januari, lakini kundi la mapema lina pia wanamichezo waliokwisha kuteuliwa na watoto wa waliosoma hapo, hivyo ni vigumu kupima faida inayotokana na uharaka wenyewe. Aidha, baadhi ya maombi ya mapema yana kifungo: ukikubaliwa, umeahidi kwenda, isipokuwa ufadhili uliotolewa usipotosha. Vyuo ambavyo havitazami uwezo wa kulipa wa mwombaji wa kigeni wakati wa kumteua ni vichache, Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vikiwa miongoni mwavyo. Kwingine, fedha zinaweza kuamua hata pale ambapo shughuli zimevutia.

Upo mwanya mmoja kwa shughuli iliyochelewa. Mwombaji wa mapema ambaye hakukubaliwa wala kukataliwa, bali amesogezwa kwenye kundi la kawaida, kwa vyuo vingi huruhusiwa kutuma taarifa fupi ya mambo mapya, kwa kawaida Januari au Februari. Kufikia hapo ile shughuli ya Septemba ina takriban miezi mitano, pamoja na buletini ya muhula wa kwanza ya kuisindikiza.